Je, wajua kwa nini uzamivu wa fedha binafsi unasomeka mtandaoni?

Niliposikia kwamba Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, kinatoa shahada ya uzamivu katika mipango ya fedha binafsi, tena sehemu kubwa kwa mtandao, nilikosea mara mbili papo hapo. Nilidhani ni shahada ya kufundisha watu kutajirika. Kisha nikajiuliza, uzamivu gani huo wa kusomea sebuleni?

Tuanze na utajiri. Wanafunzi hawa hawafundishwi hisa ya kununua. Wanachunguza kwa nini mwenye mshahara mnono anakopa kabla ya tarehe ishirini, au kwa nini wanandoa wanafichana madeni. Wala shahada hiyo si leseni ya kushauri watu. Cheti kinachojulikana zaidi kwa washauri wa huko ni CFP (Certified Financial Planner, yaani mpangaji fedha aliyeidhinishwa). Mwenye uzamivu wa uchumi au biashara anaweza kusamehewa sehemu kubwa ya masomo ya cheti hicho, lakini mtihani anaufanya kama wenzake.

Suala la sebuleni ndilo tamu. Mkemia anahitaji maabara. Huyu wa fedha anahitaji faili la takwimu. Kila miaka mitatu Benki Kuu ya Marekani huhoji kaya kuhusu mali na madeni yao, kisha majibu, yakiwa yamefichwa majina, huwekwa mtandaoni bure. Aliyeko Manhattan (ya Kansas, chuo kilipo, si ile ya New York) na aliyeko Mombasa wanapakua faili lilelile.

Ugumu ni kulisoma. Faili la mwaka 2022 lina kaya 4,595. Lifungue, hesabu mistari: 22,975. Kila kaya imeandikwa mara tano!

Si kosa la karani. Watu wengi hukwepa maswali ya pesa, hivyo panapokosekana jibu hujazwa makadirio, na hujazwa mara tano. Fikiria mnada wa ng'ombe usio na mizani. Ukimuuliza mnunuzi mmoja mzoefu uzito wa dume, utapata namba moja na hutajua uiamini kiasi gani. Uliza watano. Wakisema kilo 300, 305, 298, 302 na 301, unatulia. Wakitofautiana kwa kilo mia, unajua kwamba hapo pana giza, na unajua giza lenyewe lina ukubwa gani. Mwanafunzi anayechukua mstari mmoja tu anajinyima habari hiyo; anayehesabu yote kama kaya tofauti amezalisha Wamarekani hewa.

Hata hivyo, makadirio hayo hutegemea majibu ya watu wanaofanana na aliyenyamaza. Ikiwa wanaoficha pesa zao wana tabia tofauti na wanaosema, yote matano yatapotoka kuelekea upande mmoja, kama wanunuzi wetu wakiletewa dume aliyelishwa chumvi na kunyweshwa maji asubuhi ya mnada.