Je, wajua mhariri Joseph Howe alishindaje kesi ambayo mawakili walimwambia hana?

Tarehe 1 Januari 1835, gazeti la Novascotian la mjini Halifax, katika koloni la Uingereza la Nova Scotia ambalo leo ni sehemu ya Kanada, lilichapisha barua ya msomaji aliyeficha jina. Alidai kwamba kwa miaka 30 mahakimu na polisi wa mji, kwa hila moja au nyingine, walikuwa wamechota zaidi ya paundi 30,000 mifukoni mwa raia.

Mahakimu wa Halifax wakati huo hawakuishia kusikiliza kesi. Wao ndio walioendesha mji: tozo, faini, jela, nyumba ya maskini. Waliteuliwa, hawakupigiwa kura. Wakaja juu, na mwenye gazeti, Joseph Howe, kijana wa miaka 30, akashtakiwa kwa jinai ya kashfa.

Sasa sikia sheria ilivyokuwa. Ukweli haukuwa kinga. Ikithibitika kwamba umechapisha, na kwamba maneno yenyewe yanaweza kuvuruga amani, umekwisha. Kama mahakimu ni wezi kweli, hilo halikuihusu mahakama. Kwa mantiki ya wakubwa wa enzi hizo, kashfa ya kweli ndiyo mbaya zaidi, maana ndiyo inayowasha watu hasira.

Howe aliwaendea mawakili na karatasi ya mashtaka mkononi, wakamwambia hapa huna kesi. Akawaazima vitabu vyao, akajifungia wiki nzima akivisoma. Na huyu si mtu aliyekaa darasani sana. Tangu ana miaka 13 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake.

Upenyo aliuona kwenye nia. Mashtaka yalidai kwamba alichapisha kwa nia ovu ya kuvuruga amani. Basi, kama nia yake ndiyo inayoshtakiwa, ana haki ya kuieleza, na hawezi kueleza kwa nini alichapisha bila kusema aliyoyajua kuhusu mahakimu. Ushahidi uliozuiwa mlango wa mbele ukapita wa nyuma.

Kesi ilisikilizwa Machi 1835. Howe alijitetea mwenyewe, akazungumza kwa zaidi ya saa sita mbele ya ukumbi uliofurika. Hakupiga siasa za jumla. Aligusa jela ya mji na nyumba ya maskini, akaeleza jambo moja baada ya jingine yaliyofanyika humo, kisha akawaomba raia 12 waliokaa kuamua wawaachie watoto wao magazeti yasiyofungwa minyororo. Jaji Mkuu, Brenton Halliburton, aliwaambia waziwazi kwamba kwa maoni yake barua ile ni kashfa. Walitoka, na dakika kumi tu baadaye wakarudi: hana hatia. Umati ukambeba juujuu hadi nyumbani kwake.

Kwa nini basi hakubaki na kalamu yake tu, akaingia kwenye siasa? Naona jibu liko katika yaliyofuata. Baadhi ya mahakimu walijiuzulu, lakini mkono uliowateua ulibaki palepale: gavana na baraza lake la watu wasiochaguliwa. Gazeti liliweza kumwaibisha mtu, kumwondoa halikuweza. Mwaka 1836 Howe akagombea ubunge, akashinda, na kwa miaka kadhaa akawa mbunge na mhariri kwa wakati mmoja (leo tungeuliza maswali). Mwaka 1840 mtoto wa Jaji Mkuu yuleyule, John Halliburton, alikasirishwa na maneno ya Howe kuhusu baba yake, akamwita kwenye pambano la bastola. Halliburton akafyatua, akakosa. Howe akapiga risasi yake hewani.

Toronto, mhariri mwenziwe William Lyon Mackenzie alikuwa ameongoza uasi mwaka 1837, ukasambaratishwa, akakimbilia Marekani. Howe alishikilia kura na hoja. Mwaka 1848 Nova Scotia ikawa koloni la kwanza la Uingereza ng'ambo ambalo serikali yake ilitakiwa kuungwa mkono na wabunge wengi, la sivyo iondoke.

Hapo ndipo wengi huikatia habari yake, nami naona wanamwonea. Nova Scotia ilipoingizwa katika shirikisho la Kanada bila wananchi kuulizwa, Howe alipinga, na katika uchaguzi wa 1867 upande wake ulitwaa viti 18 kati ya 19 vya Nova Scotia katika bunge la shirikisho. Safari hii haikusaidia: London ilikataa kuirudisha nyuma saa. Mwaka 1869, baada ya kuupatia mkoa wake masharti bora ya fedha, aliingia katika baraza la mawaziri la John A. Macdonald, waziri mkuu wa kwanza wa Kanada, na wenzake wa jana wakamwita msaliti. Mei 1873 aliapishwa kuwa gavana wa Nova Scotia, cheo ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekipunguzia meno. Alikikalia wiki tatu tu, akafariki tarehe 1 Juni.