Kwa Nini Sikukuu ya Mtakatifu Huwa Siku Aliyokufa, Si Aliyozaliwa?

Hakuna ajuaye Mtakatifu Bakhita alizaliwa siku gani. Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869, akaibwa na wafanyabiashara ya watumwa akiwa bado mtoto, na mateso ya njiani yakamsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Hilo la Bakhita alipewa na waliomteka. Ni neno la Kiarabu la ukoo mmoja na "bahati" yetu: mwenye bahati. Kejeli gani hiyo, kumwita hivyo mtoto unayempeleka sokoni! Sasa mtu wa namna hii, asiye na jina la utotoni wala tarehe ya kuzaliwa, sikukuu yake utaiweka lini?

Kanisa halikuumiza kichwa. Bakhita alifariki 8 Februari 1947 katika mji wa Schio, kaskazini mwa Italia, akiwa mtawa wa shirika la Wakanosa, na 8 Februari ndiyo siku yake.

Usidhani ni kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilikosekana. Chukua kalenda ya liturjia, yaani ya ibada za Kanisa, usome tarehe moja moja. Mama Teresa wa Kolkata ni 5 Septemba, siku aliyofariki mwaka 1997. Maximilian Kolbe ni 14 Agosti, siku aliyodungwa sindano ya sumu katika kambi ya Auschwitz mwaka 1941. Mwenyeheri Anuarite ni 1 Desemba, siku aliyouawa Isiro, Kongo, mwaka 1964. Hawa wote tarehe zao za kuzaliwa zinajulikana au zingeweza kutafutwa, lakini hakuna aliyeziulizia.

Wakatoliki wa kwetu humwita mtakatifu ambaye mtu amebeba jina lake "somo". Siku ya somo ikifika, mwenye jina hupigiwa simu, huimbiwa, na jumuiya ndogo ndogo ikiwa na uwezo huchinja hata kuku wawili watatu. Ukikaa ukawaza, jambo lenyewe ni la ajabu: mtu anaimbiwa na kupigiwa vigelegele siku ambayo somo wake alikatwa kichwa.

Desturi hii ni ya kale mno. Katikati ya karne ya 2, askofu mzee Polikarpo alichomwa moto katika mji wa Smirna, ambao leo ni Izmir, Uturuki. Waumini wake waliandika barua kueleza mambo yalivyokwenda, na barua hiyo ingalipo. Wanasema waliokota mifupa yake, ambayo kwao ilikuwa na thamani kuliko vito, wakaihifadhi mahali panapostahili, na kwamba watakuwa wakikusanyika hapo kila mwaka kwa furaha kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwake katika ushahidi wa damu. Soma tena maneno hayo: wanazungumzia siku ambayo mzee wao alichomwa, nao wanaiita siku ya kuzaliwa. Kilatini kikaja na jina lake, dies natalis, na kwa muda mrefu vitabu vya Kanisa vikiandika "siku ya kuzaliwa" ya shahidi, yaani mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani, vilimaanisha siku aliyouawa.

Majirani zao wapagani nao walikuwa na mazoea ya kwenda makaburini. Familia ya Kirumi ilikuwa ikikutana penye kaburi la ndugu yao, na chakula na divai, katika siku yake ya kuzaliwa. Wakristo waliendelea kwenda kaburini, wakaendelea na mlo, ila walibadilisha tarehe, na mlo wenyewe ukawa Misa. Ndiyo maana mpaka leo bado ni desturi kuweka masalia ya watakatifu chini ya altare: ni kumbukumbu ya enzi ambapo Misa ilisomwa juu ya kaburi la shahidi.

Na siku ya kuzaliwa ya kawaida ilikuwa na kosa gani? Origeni wa Aleksandria, mwalimu mkubwa wa karne ya 3, alikuwa na jibu kali. Alisema kwamba katika Maandiko Matakatifu hutamwona mtu mwema akifanya karamu ya kuzaliwa kwake. Wanaofanya ni wakosefu. Alikuwa na mifano miwili. Farao alifanya karamu ya kuzaliwa, na siku hiyohiyo mwokaji mkuu wake akatundikwa. Herode naye alifanya ya kwake, na kichwa cha Yohane Mbatizaji kikaletwa kwenye sinia. Mimi naona Origeni alitia chumvi, na sijaona Mkatoliki anayekataa keki kwa sababu yake. Lakini anatuonyesha namna watu wa enzi zile walivyowaza: kuja duniani si jambo ambalo mtu amelitenda. Unazaliwa tu, na hakuna ajuaye utaishia kuwa nani. Siku ya mwisho ndipo hesabu hufungwa.

Hapo kwetu hatuko mbali nao. Fungua gazeti lolote la Dar es Salaam au Nairobi ukurasa wa kumbukumbu: "Leo umetimiza miaka 10 tangu ututoke." Familia huomba Misa ya kumbukumbu kwa tarehe ya kufariki, na ya kuzaliwa kwa marehemu hupita kimya. Kwa Waswahili wa Pwani, kinyume chake, sherehe kubwa ya kumkumbuka Mtume ni Maulidi, na neno lenyewe kwa Kiarabu lina maana ya kuzaliwa. Huyu anasoma Maulidi, jirani yake Mkatoliki anasherehekea kifo, na wote wawili wanakula pilau.

Hata hivyo, wako watatu katika kalenda nzima ambao kuzaliwa kwao husherehekewa: Yesu 25 Desemba, Bikira Maria 8 Septemba, na Yohane Mbatizaji 24 Juni. Yohane ana zote mbili, kwani kukatwa kichwa kwake kuna siku yake, 29 Agosti. Sababu aliyopewa upendeleo huu iko katika Injili ya Luka: alijazwa Roho Mtakatifu akiwa angali tumboni, akaruka Maria alipomsalimu Elisabeti, mama yake Yohane. Yeye, walisema walimu wa kale, alizaliwa akiwa tayari mtakatifu, kwa hiyo huhitaji kungoja mwisho ili ujue.

Tarehe yake nayo ina hesabu ya kufurahisha. Malaika alimwambia Maria, naye akipashwa habari kwamba atamzaa Yesu, kwamba Elisabeti yuko katika mwezi wa sita wa ujauzito, kwa hiyo Yohane lazima amtangulie Yesu kwa miezi 6. Toa miezi 6 kwenye 25 Desemba upate 25 Juni. Mbona basi ni 24? Kwa sababu Warumi hawakuhesabu tarehe kama sisi. Tarehe za mwishoni mwa mwezi walizihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe mosi ya mwezi unaofuata, na hiyo tarehe mosi nayo ikiingia kwenye hesabu. Noeli ni siku ya 8 kabla ya Januari mosi, na Kupashwa Habari kwa Bikira Maria, 25 Machi, ni siku ya 8 kabla ya Aprili mosi. Siku ya 8 kabla ya Julai mosi ni 24 Juni, maana Juni ina siku 30 tu. Kwa Mrumi, tarehe hizo tatu zilikuwa na jina la namna moja.

Sasa njoo kwenye tarehe zinazowachanganya watu, maana ukifuatilia utakuta wengine hawamo katika siku zao za kufa. Fransisko wa Asizi alifariki jioni ya 3 Oktoba 1226, lakini sikukuu yake ni 4 Oktoba. Mzungu wa leo huhitaji kuelezwa. Mswahili halisi hahitaji. Jua likishatua, siku imekwisha. Mzee wa Pwani akikwambia "usiku wa Ijumaa" anakusudia ule unaofuata Alhamisi, si ule wa baada ya Ijumaa. Asizi ya karne ya 13 ilihesabu hivyohivyo, na liturjia ingali inahesabu hivyo: ndiyo sababu Misa ya Jumamosi jioni inakutosheleza kwa Dominika.

Kisa cha Teresa wa Avila ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Alifariki Alba de Tormes, Hispania, usiku wa 4 Oktoba 1582. Mwaka huo Papa Gregori XIII alikuwa akirekebisha kalenda iliyokuwa imeachwa nyuma na jua, na ili kuisawazisha zilifutwa siku 10. Hispania ilifuata amri papo hapo, na usiku uliochaguliwa kurukwa ulikuwa huohuo. Watu walilala Alhamisi tarehe 4, wakaamka Ijumaa tarehe 15. Sikukuu yake ikawekwa 15 Oktoba, nawe ukitafuta kilichotokea Hispania kati ya 5 na 14 Oktoba 1582 hutakipata, kwa kuwa siku hizo hazikuwapo.

Wengine wamehamishwa kwa sababu ya msongamano tu. Teresa wa Mtoto Yesu alifariki 30 Septemba 1897, akaikuta tarehe hiyo ina Mtakatifu Jeromu tangu zamani, kwa hiyo leo yuko siku inayofuata, 1 Oktoba. Wengine walifia katika Kwaresima au Juma Kuu, na huko liturjia haitaki shamrashamra. Ambrosi wa Milano alifariki Jumamosi Kuu, 4 Aprili 397. Akapewa 7 Desemba, siku aliyowekwa wakfu kuwa askofu. Thomas wa Akwino alifariki 7 Machi 1274 na kwa karne nyingi hiyo ndiyo ilikuwa siku yake, hadi kalenda ilipopangwa upya mwaka 1969 akapelekwa 28 Januari, tarehe ambayo masalia yake yalifikishwa Toulouse, Ufaransa. Saba Machi leo ni ya Perpetua na Felista, wanawake wa Afrika waliouawa Karthago mwaka 203: mmoja mama mwenye mtoto anayenyonya, mwingine mtumwa aliyejifungua gerezani siku chache kabla. Sitaficha kwamba naona haki ilitendeka.

Karoli Lwanga na wenzake hawakuhitaji kuhamishwa. Walichomwa Namugongo, Uganda, 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwaka huo Pasaka ilichelewa mpaka 25 Aprili, ambayo ndiyo tarehe ya mwisho kabisa inayoweza kuangukia, kwa hiyo Alhamisi ile ya moto ilikuwa Sherehe ya Kupaa Bwana. Si mashahidi wote 22 wa kundi lao waliokufa siku hiyo. Yosefu Mukasa alitangulia Novemba 1885. Matia Mulumba alikatwa viungo akaachwa afe peke yake siku chache kabla ya Lwanga. Wa mwisho, Yohane Maria Muzeeyi, aliuawa Januari 1887. Lakini kundi kubwa lilikuwa la Namugongo, na tarehe yao ikawabeba wengine.

Miaka 77 baadaye, 3 Juni 1963, Papa Yohane XXIII alifariki Vatikano. Tarehe hiyo ilikuwa na wenyewe. Alipotangazwa mwenyeheri mwaka 2000 alipewa 11 Oktoba, siku aliyofungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1962. Maaskofu wa mtaguso huohuo walikuwa wamekutana Roma 18 Oktoba 1964, mrithi wake Paulo VI alipowatangaza Lwanga na wenzake kuwa watakatifu. Tarehe hiyo ya Oktoba ni ya Mtakatifu Luka, na waumini wachache tu wanakumbuka kwamba ina uhusiano wowote na Uganda. Mahujaji wanaokwenda Namugongo kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania hupanga siku zao za safari kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka 3 Juni.