Je, wajua? Kwa nini kocha akatae sare ya mkononi aende kutafuta pointi 2 anazoweza kuzikosa

Kuna kitu kwenye futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na gozi la umbo la yai, ambacho wengi wetu tukikiona tunahisi kocha kachanganyikiwa. Timu imefunga mwishoni kabisa (kuvusha gozi mstari wa mwenzako ni pointi 6, halafu unachagua nyongeza ya 1 au ya 2), bado iko nyuma kwa pointi 1, inaruhusiwa kupiga mpira upite katikati ya nguzo ipate hiyo 1 wawe sawa, na mpira wenyewe uko karibu kiasi kwamba mpigaji karibu kila siku anafunga. Kocha anatikisa kichwa. Mpigaji anarudishwa benchi, jamaa wanajipanga kulivusha gozi tena mstarini wapate 2, na wakikosa ndo basi tena, wamefungwa.

Mi nilikutana nayo sebuleni kwa binamu yangu kule Texas, nyumba imejaa watu, nikauliza kwa sauti huyu kocha mzima kweli? Mzee mmoja wa Kikongo aliyekuwa anamenya karanga pembeni hata hakugeuka kuniangalia, akasema "tulia mdogo wangu, hii ni bakuli, sio ligi".

Sasa hilo bakuli. Timu za vyuo vikuu Marekani zinacheza msimu wao hadi mwanzoni mwa Desemba, halafu hadi Januari zinapigwa mechi za mwaliko, kila moja na mji wake na jina lake, Bakuli la Waridi, la Machungwa, la Sukari, la Pamba, siku hizi lipo mpaka la Viazi kule Idaho, na kuna moja ambalo kocha akishinda anamwagiwa ndoo ya mayonesi kichwani (sitanii). Asili yake ni Pasadena, California, walikokuwa na gwaride la maua kila mwaka mpya, na tarehe 1 Januari 1902 waandaaji wakaona waongeze mechi, wakaileta Michigan icheze na Stanford. Ikaisha 49-0. Yaani Stanford waliomba mchezo usimamishwe muda haujaisha. Waandaaji wakachukia futiboli kabisa, baadaye wakaweka mbio za magari ya farasi kama za Warumi, futiboli ikarudi 1916 tu. Kisha wakajenga uwanja uliozama chini kama bakuli, wakiiga ule wa chuo cha Yale, ukafunguliwa 1922, na jina la uwanja likawa jina la mechi, na miji mingine nayo ikadandia hilo jina hata kama uwanja wao haufanani na chombo chochote cha jikoni.

Ile 49-0 inaonyesha kwamba mechi ya mwaliko inanoga pale tu timu zikiwa zinalingana. Sasa ukizikutanisha timu zinazolingana unapata tatizo lingine, zinalingana mpaka mwisho. Na zamani vyuo havikuwa na muda wa nyongeza. Sare ilikuwa sare, mnapeana mikono mnaenda nyumbani. Isitoshe bingwa wa taifa hakupatikana kwa fainali, alipatikana kwa kura za waandishi na za makocha baada ya mabakuli kuisha, kwa hiyo kocha mwenye akili za kawaida, timu yake ikiwa haijafungwa mwaka mzima, sare inamtosha.

Ndipo linapokuja jina la Tom Osborne wa Nebraska. Msimu wa 1983 timu yake ilikuwa inafunga wastani wa pointi 52 kila mechi, imeshinda 12 kati ya 12, watu wanasema haijawahi kutokea timu kama hii. Tarehe 2 Januari 1984 ikaenda Bakuli la Machungwa kucheza na Miami, na uwanja ni wa Miami wenyewe. Robo ya kwanza tu iko chini 17-0. Wakarudisha 17-17, wakaachwa tena 31-17, na mkimbiaji wao mkubwa Mike Rozier akaumia akatoka. Pamoja na hayo, zikiwa zimebaki sekunde 48, aliyechukua nafasi yake, Jeff Smith, akafunga. Ubao unasoma 31-30.

Hapo Osborne akipiga ile 1 wanakuwa 31-31, hajafungwa msimu mzima, na kura karibu zote zingemwendea. Ubingwa uko pale mezani kama chai iliyokwisha mwagwa kikombeni. Akaenda kutafuta 2. Kwotabeki (mrushaji mkuu wa timu) Turner Gill akamrushia Smith upande wa kulia, beki wa Miami, Ken Calhoun, akaugusa mpira kwa vidole tu, ukababatiza begani kwa Smith ukaanguka. 31-30, Miami bingwa wa taifa kwa mara ya kwanza.

Watu walimsema? Kidogo sana, wengi walimvulia kofia. Ukitaka kujua kwa nini angalia mwenzake aliyefanya kinyume. Tarehe 1 Januari 1988 kwenye Bakuli la Sukari, New Orleans, Syracuse walikuwa wameshinda 11 bila kufungwa, wanaongoza 16-13, Auburn wako karibu na mstari sekunde za mwisho, kocha wao Pat Dye akaamua kupiga nguzoni apate 3 (ukipiga nguzoni badala ya kuvusha gozi ni 3, sio ile 1 ya nyongeza), mechi ikaisha 16-16. Syracuse hawakumsamehe. Kwa Kiingereza neno la sare na la tai ya shingoni ni hilohilo moja, basi wakamtumia tai, mamia kwa mamia, mbaya mbaya zile za rangi za kutisha. (Ingekuwa kwetu tungemtumia sare za shule.) Dye naye hakuwa mtu wa kuaibika kirahisi, akazisaini akaziuza, hela ikaenda kusomesha wanafunzi.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni hiyo, fedheha. Lakini vyuo vilileta muda wa nyongeza katikati ya miaka ya 1990, sare ikafutwa, na bado kuna makocha wanaikataa ile 1. Sasa huyu anakimbia nini, wakati hata akisawazisha hakuna sare?

Tufanye hesabu kidogo, haiumi. Mpira wa pointi 1 unaingia karibu kila mara. Jaribio la pointi 2, ambapo gozi linawekwa yadi 3 kutoka mstarini na unapewa nafasi moja tu ya kulivusha, linafaulu chini kidogo ya nusu. Ukisawazisha mnaendelea, na kama kweli mnalingana una nafasi nusu kwa nusu ya kushinda huko mbele. Kwa karatasi basi kusawazisha kuna unafuu kidogo. Ila karatasi inadhani mnalingana sasa hivi vile vile kama mlivyolingana saa tatu zilizopita, na hapo ndo inapokosea.

Chukua Bakuli la Fiesta, Glendale, Arizona, tarehe 1 Januari 2007. Boise State kutoka Idaho, imeshinda 12 kati ya 12 lakini kila mtu anasema hiyo ni kwa sababu ya kucheza na vibonde, dhidi ya Oklahoma, chuo chenye jina na vikombe. Boise wakaongoza 28-10, Oklahoma wakarudisha yote, na ikiwa imebaki dakika moja na kitu kwotabeki wa Boise, Jared Zabransky, akarusha pasi ikaenda mikononi mwa adui, akakimbia nayo mpaka golini. 35-28. Boise wakafika jaribio la nne, la mwisho, wanahitaji yadi 18 wasinyang'anywe mpira, sekunde zinahesabika, Zabransky akamrushia Drisan James, James akavuta walinzi wote upande wake halafu akamwachia mpira Jerard Rabb aliyekuwa anapita akielekea upande wa pili, huyo, mpaka mwisho. Zimebaki sekunde 7. 35-35.

Muda wa nyongeza wa vyuo kila timu inapewa mpira yadi 25 kutoka mstari wa mwenzake. Oklahoma wakaanza, wakampa Adrian Peterson, mguso wa kwanza tu kakimbia zote 25. Boise wakahangaika mpaka jaribio la nne tena, mpira wakampa Vinny Perretta ambaye sio mrushaji, akarusha, Derek Schouman akadaka. 42-41.

Hapo ndo kocha Chris Petersen akakataa sare, na ukiangalia alichokuwa nacho mkononi utamwelewa. Akisawazisha, safari inayofuata Peterson yule yule anarudi na mabeki wa Boise wameshachoka hoi. Pia kwenye kipindi cha pili cha nyongeza uchaguzi wa nani aanze unahamia kwa wenzake, na anayecheza wa pili siku zote ana raha maana anajua anahitaji ngapi, hiyo raha Boise walikuwa nayo na walikuwa wanaenda kuipoteza. Na kikubwa kuliko vyote, alikuwa amebakiza karata moja ambayo Oklahoma hawajaiona, karata ya kutumika mara moja tu.

Karata yenyewe inaitwa Sanamu ya Uhuru, ya zamani mno, inaitwa hivyo kwa sababu mrushaji anasimama kainua mkono kama ile sanamu ya New York. Zabransky akapokea, akageukia kulia walikokuwa wamejipanga wadakaji watatu, akainua mkono wa kulia akaushusha kama anarusha. Mkono mtupu. Mpira uko mkono wa kushoto, kaubana nyuma ya mgongo, na Ian Johnson anapita nyuma yake anauchukua kama mtu anayechomoa barua sandukuni, anakimbilia kushoto. Ulinzi mzima wa Oklahoma umeegemea kulia. Hakuguswa na mtu. 43-42, kisha Johnson akapiga goti pale pale uwanjani mbele ya kamera za taifa akamposa mpenzi wake aliyekuwa kwenye kundi la washangiliaji, na binti akakubali, kwa hiyo usiku ule jamaa alipata 2 mara mbili.

Halafu kichekesho, Boise walimaliza 13-0 na kura za waandishi zikawaweka nafasi ya tano. Osborne naye alipata ubingwa wake msimu wa 1994, kwenye Bakuli la Machungwa, dhidi ya Miami hao hao, 24-17.

Siku hizi huo uamuzi nao umeanza kuondolewa mikononi mwa makocha. Tangu 2021 mkifika kipindi cha pili cha nyongeza na mkafunga, kutafuta 2 ni lazima, na kuanzia cha tatu hakuna tena kucheza kutoka yadi 25, ni majaribio ya pointi 2 tu kwa zamu, kama penati zetu. Oktoba mwaka huo huo Illinois walienda kwa Penn State, uwanjani watu zaidi ya laki moja, wakafika huko, na penati zenyewe zikawa hazifungwi, timu zote mbili zikakosa kipindi cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita, cha saba. Illinois wakashinda kipindi cha tisa, 20-18.