Ufikivu wa programu za wavuti: jina, dhima na hali

Ufikivu ni ile sifa ya kitu kutumika na mtu mwenye ulemavu mwenyewe, bila kumwita mwingine aje amfanyie. Kwenye majengo tumeuzoea: mlango wenye ngazi tupu humwacha nje anayetumia kiti cha magurudumu, na kila apitaye anaona kwa nini. Kwenye wavuti, aliyejenga ngazi mara nyingi hajui kwamba amezijenga.

Ukurasa wa kusoma tu, wenye maandishi na picha, hausumbui sana. Vichwa viandikwe kama vichwa, picha zipewe maelezo mbadala, maandishi yasififie, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Shughuli iko kwenye programu za wavuti, zile ambamo mtu anachagua, anafungua menyu, anaburuta, analipa, na skrini inabadilika palepale bila ukurasa kupakiwa upya.

Chukua ukurasa wa kukata tiketi ya basi la viti 48, safu 12 za viti vinne. Viti vimechorwa kama vilivyo ndani ya basi: kijani kiko wazi, chekundu kimechukuliwa, cha bluu ndicho chako. Ukibofya kiti, jumla ya nauli inabadilika chini, saa ya dakika 10 inaanza kuhesabu kurudi nyuma, kisha linaibuka dirisha la malipo. Sasa aingie mtu asiyeona, anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayogeuza yaliyomo kwenye ukurasa kuwa sauti au nukta nundu. Anasikia: "A1. A2. A3. A4. B1." Hajaambiwa kwamba hivyo ni viti, wala kwamba vinabofyeka, wala kwamba A3 kina mtu. Akibonyeza Tab ili afike kwenye kiti, kibodi inaviruka vyote 48 na kutua kwenye kiungo cha masharti ya safari.

Kisoma skrini hakitazami rangi wala mchoro. Kivinjari kikipokea HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, hujenga mti wa elementi zote, yaani vipande vinavyounda ukurasa, kisha kutokana na huo hujenga mti mwingine, mti wa ufikivu, na kuukabidhi kwa mfumo wa uendeshaji wa simu au kompyuta. Huo wa pili ndio unaosomwa. Humo, kila kitu cha kubofya, kujaza au kufungua kinadaiwa mambo matatu: jina (kinaitwaje), dhima (ni kitu gani: kitufe, kisanduku cha tiki, kichupo) na hali (kimechaguliwa au la, kimefunguka au kimefungwa). Kiti kilichoandikwa kwa `div`, kisanduku cha HTML kisicho na dhima yoyote, chenye `onclick`, agizo la kufanya jambo kikibofywa, kina maandishi "A3" na basi. Ukijani wake uko kwenye CSS, lugha ya kupangia mwonekano, na mti wa ufikivu haubebi rangi.

Tatizo hilo haliishii kwa wasioona. Mwenye mikono inayotetemeka, asiyeweza kushika kipanya, hutumia kibodi au swichi moja tu. Mwingine huongoza kompyuta kwa sauti: husema "bofya Lipa", na programu hutafuta kitu chenye jina hilo. Kitufe kikiwa kimeandikwa "Lipa" machoni, huku jina lake ndani ya msimbo ni "tuma fomu", atasema mpaka koo likauke.

Pengo hili lina historia. HTML ya zamani ilikuwa na vitufe, viungo na sehemu za kujaza, lakini haikuwa na vichupo, menyu za programu, vitelezi wala miti ya mafaili. Wasanidi wakajitengenezea kwa `div` na JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo, na kisoma skrini kikabaki hakioni kitu. Ndipo W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, kupitia mpango wake wa ufikivu uitwao WAI, kikatoa WAI-ARIA. Toleo la 1.0 lilipitishwa Machi 2014, na la 1.2 Juni 2023. ARIA ni mkusanyiko wa sifa unazoziongeza kwenye tagi, kama `role="tab"`, `aria-expanded="true"` au `aria-selected="false"`, ili kuandika dhima na hali kwenye mti wa ufikivu.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. ARIA hubadilisha kinachosemwa, haibadilishi kinachofanyika. Ukiandika `role="button"` kwenye `div`, kisoma skrini kitatangaza kitufe, lakini Tab bado haifiki pale. Unaongeza `tabindex="0"`, sifa ya kukiingiza kitu kwenye njia ya Tab; sasa Tab inafika, lakini Enter haifanyi kitu. Unaandika msimbo wa kusikiliza Enter, kisha unakumbuka Space, kwa sababu kitufe halisi huitikia vyote viwili. Ukibonyeza Space ukurasa wote unashuka chini, kwa hiyo unaongeza `preventDefault()`, amri ya kukizuia kivinjari kisifanye mazoea yake. Umeandika mistari ishirini, na umefika pale ambapo tagi ya `button` ilikuwa imekaa tangu mwanzo ikikungoja. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya ARIA ni kwamba, ikiwepo tagi ya HTML yenye kazi unayoitaka, tumia hiyo na uiache ARIA. Shirika la WebAIM, ambalo kila mwaka hupima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, limekuta mara kwa mara kwamba kurasa zenye ARIA huwa na makosa mengi zaidi kwa wastani kuliko zisizo nayo.

Turudi kwenye basi. Kiti ambacho mtu anakichagua au kukiacha ni kisanduku cha tiki, haijalishi umekichora vipi:

```
<fieldset>
  <legend>Chagua kiti</legend>
  <input type="checkbox" id="a3" disabled>
  <label for="a3">A3, upande wa njia, kimechukuliwa</label>
  <input type="checkbox" id="a4" name="kiti" value="A4">
  <label for="a4">A4, dirishani</label>
</fieldset>
```

Jina linatoka kwenye `label`, dhima kwenye aina ya `input`, na hali kivinjari kinaitunza chenyewe. Umbo la kiti unalichora kwa CSS juu ya `label`. Ukitaka kukificha kisanduku chenyewe kisionekane, usitumie `display: none` wala `visibility: hidden`, maana vyote viwili vinakiondoa kwenye mti wa ufikivu na kwenye kibodi pia. Kipe `opacity: 0` na ukilaze juu ya mchoro wa kiti. Hapo hata anayepapasa skrini ya simu kwa kidole atakikuta pale anapotarajia kiwe.

Kuna gharama moja: kibodi sasa inasimama kwenye kila kiti kilicho wazi, na Tab arobaini ni adhabu. Kama msafiri anaruhusiwa kiti kimoja tu, tumia `radio`, aina ya `input` ya kuchagua kimoja kati ya vingi. Kundi zima huhesabiwa kituo kimoja cha Tab, na mishale humpeleka kutoka kiti hadi kiti. Kama ni viti kadhaa, gawa kwa safu na uweke kiungo cha kuruka hadi malipo. Iko pia njia ya kuandika gridi kamili, ambamo kiti kimoja kina `tabindex="0"`, vingine vyote `-1`, na JavaScript inahamisha hiyo sifuri mishale inapobonyezwa. Inafanya kazi vizuri mikononi mwa anayejua. Kwa ramani ya basi naiona ni kuua mbu kwa rungu. Namba zaidi ya sifuri kwenye `tabindex` usiziguse kabisa, kwa kuwa huvuruga mpangilio wa ukurasa mzima.

Nauli inayobadilika chini nayo haisikiki yenyewe. Mtu amechagua kiti, masikio yake yako kwenye kiti. Weka jumla ndani ya elementi yenye `role="status"`, na kila maandishi yake yakibadilika kisoma skrini kitayasoma kikipata nafasi. Sharti ni kwamba elementi hiyo iwepo kwenye ukurasa tangu mwanzo, hata ikiwa tupu. Ukiiingiza pamoja na maandishi yake kwa mkupuo mmoja, baadhi ya visoma skrini havitasema chochote, na utahangaika kutafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa. `role="alert"` yenyewe hukatiza kinachosomwa, kwa hiyo iwekee akiba ya mambo kama malipo kukataliwa.

Saa ya dakika 10 usiiweke kwenye elementi ya namna hiyo. Itatangaza kila sekunde, na msafiri hatasikia kingine chochote. Tangaza mara moja zikibaki dakika mbili, pamoja na kitufe cha kuongeza muda. WCAG, mwongozo wa W3C ambao ndio kipimo kinachotumika duniani, hudai kwamba muda unaoweza kuongezwa utolewe onyo kabla haujaisha, mtumiaji apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo jepesi, na aweze kufanya hivyo angalau mara kumi. Ukiona kushikilia kiti muda wote huo kunaumiza biashara, basi muda wa kwanza uwe mrefu. Anayesikiliza ukurasa hutumia muda mwingi kuliko anayeutupia jicho.

Dirisha la malipo ndilo lenye makosa mengi kupita yote. Linaibuka katikati ya skrini, lakini fokasi, yaani mahali kibodi iliposimama, inabaki nyuma yake. Mtu anabonyeza Tab, anazunguka kwenye viti asivyoviona chini ya kivuli. Dirisha linapofunguka fokasi iingie ndani, isitoke mpaka lifungwe, Esc ilifunge, na likishafungwa fokasi irudi kwenye kitufe kilicholifungua. Zamani hayo yote yaliandikwa kwa mkono. Siku hizi tagi ya `dialog` ikifunguliwa kwa `showModal()` inafanya karibu yote yenyewe. Kazi yako ni kuipa jina kwa `aria-labelledby` na kuhakikisha lina kitufe cha kufunga kinachoonekana.

Ndani ya dirisha kuna namba ya simu ya kulipia. Maandishi hafifu yaliyomo ndani ya kisanduku si lebo, maana yanatoweka mtu akianza kuandika. Namba ikikosewa, kuzungushia mpaka mwekundu hakutoshi. Weka `aria-invalid="true"`, andika kosa kwa maneno yanayosema la kufanya ("Namba iwe na tarakimu 10, ianze na 0"), kisha uyaunganishe na kisanduku kwa `aria-describedby`. Namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi iruhusu kubandikwa. Kumzuia mtu kubandika humwadhibu mwenye shida ya kukumbuka, na usalama hauongezeki.

Kuhusu rangi: maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana na usuli kwa uwiano wa angalau 4.5:1, maandishi makubwa 3:1, na mipaka ya vitufe na alama zake 3:1. Kijivu `#767676` juu ya nyeupe kinapita kwa 4.54. Kijivu `#777777`, ambacho jicho halikitofautishi na hicho cha kwanza, kinaanguka kwa 4.48, kwa hiyo pima, usikisie. Wekundu na ukijani wa viti uongezewe alama, mkato wa X kwenye kilichochukuliwa, kwa ajili ya wasiotofautisha rangi hizo mbili. Na yule anayeandika `outline: none` kwa sababu duara la fokasi linaharibu muundo amemzimia taa anayetembea kwa kibodi, tumia `:focus-visible`, kiteuzi cha CSS cha kitu kilichofikiwa na kibodi, uchore lako linalopendeza.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa Kiswahili kuliko wengine. Violezo vingi vya tovuti huja na `lang="en"` kwenye tagi ya `html`, na wengi wetu tunaandika Kiswahili juu yake bila kuigusa. Kisoma skrini hutii sifa hiyo, kikachukua sauti ya Kiingereza: "pole" inakuwa "poul", "wake" inakuwa "weik", na sentensi nzima inageuka mafumbo. Andika `lang="sw"`. Sauti ya Kiswahili ipo. eSpeak NG, programu ya kugeuza maandishi kuwa sauti inayokuja pamoja na kisoma skrini cha NVDA, inayo. Ni herufi mbili, na sijui marekebisho mengine ya bei hiyo yenye faida kubwa namna hii.

Kupima anza kwa kuchomoa kipanya. Kata tiketi kuanzia mwanzo hadi risiti kwa Tab, Shift+Tab, mishale, Enter, Space na Esc peke yake, na uandike kila mahali ulipopotea. Kisha kuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye dirisha la upana wa pikseli 1280, uone kama unalazimika kuvuta kushoto na kulia ili usome. Baada ya hapo weka NVDA, ambayo ni ya bure kwenye Windows, na urudie safari ukiwa umezima skrini. Kwa kuwa wasafiri wengi wako kwenye simu, washa na TalkBack, kisoma skrini cha Android: kutelezesha kidole kulia hukupeleka kwenye kitu kinachofuata, kugusa mara mbili hukibofya. Jifunze kwanza jinsi ya kuizima, la sivyo utajikuta huwezi kurudi hata kwenye mipangilio. Hapo yatajitokeza makosa ambayo kibodi haikuyaonyesha. Kiti kinachosikiliza `keydown` peke yake hakitaitikia, maana kugusa mara mbili kwa TalkBack hutuma `click`, na kitelezi cha bei kinachotegemea kuburutwa kitagoma.

Vipimo vya kiotomatiki kama axe na Lighthouse viendeshe pia, vinakamata lebo zilizokosekana na rangi hafifu kwa sekunde chache. Lakini Lighthouse inaweza kukupa 100 kamili kwa ukurasa ambao haukatiki tiketi kwa kibodi. Inajua kuona kwamba kitufe kina jina. Kwamba jina hilo ni "kitufe1" kwenye viti vyote 48, hilo litasikiwa na binadamu.