Je, wajua kwa nini kuchelewa siku moja kulipa kadi ya mkopo hugharimu sawa na kuchelewa wiki tatu?

Tarehe ya mwisho ya kulipa ilikuwa jana. Leo asubuhi umekumbuka, ukashika simu, ukalipa deni lote hadi senti ya mwisho. Mwezi unaofuata stetimenti, yaani taarifa ya mwezi ya kadi yako, inakuja na faini ya kuchelewa, tena ileile ambayo angetozwa mtu aliyekaa wiki tatu bila kulipa chochote. Wengi hulipa na kunyamaza, wakiamini kwamba benki haiwezi kukosea hesabu zake. Lakini faini hii inahojika, na mara nyingi hurudishwa kwa anayeomba.

Jibu fupi ni kwamba faini haipimi muda. Muda hupimwa na riba, ambayo huhesabiwa siku kwa siku juu ya deni. Faini inaangalia jambo moja tu: saa ya mwisho imepita na kiwango cha chini cha malipo, yaani kile kiasi kidogo kabisa ambacho benki inataka ulipe kila mwezi, hakijafika benki. Kompyuta hujibu ndiyo au hapana, kisha huweka kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Ndiyo maana anayedaiwa 300 na anayedaiwa 9,000 wanaweza kutozwa sawasawa. Kwangu hilo si haki, kwa sababu anayeumia zaidi ni mwenye deni dogo.

Benki hujitetea kwamba kumfuatilia mdaiwa kuna gharama, na kwamba bila faini inayouma watu wangelipa wanapojisikia. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Swali ni faini ya kiasi gani inatosha, na hapo mahakama na wasimamizi wa fedha wamevutana kwa miaka mingi.

Uingereza, kesi ya kampuni ya matairi ya Dunlop ya mwaka 1915 iliweka msingi kwamba mkataba hauwezi kumtoza aliyeuvunja kiasi cha kumkomoa tu. Kiasi hicho kilipaswa kuwa makadirio ya kweli ya hasara. Mwaka 2006, kwa fikra za namna hiyo, ofisi ya serikali ya kusimamia biashara ya haki ilitangaza kwamba faini ya kadi inayozidi pauni 12 ingechukuliwa kuwa si ya haki, na benki nyingi zilishuka hadi hapo. Lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kinyume, katika kesi ya mteja mmoja dhidi ya benki ya ANZ: benki inaweza kulinda maslahi yake mapana, si kurudisha gharama za ufuatiliaji peke yake.

Marekani ndiko mvutano ulikokuwa mkali zaidi. Sheria ya benki ya mwaka 1864 inairuhusu benki ya kitaifa, yaani yenye leseni ya serikali kuu, kutoza riba ya jimbo lake la nyumbani hata kwa mteja wa jimbo lingine. Mwaka 1996, katika kesi ya Smiley dhidi ya Citibank, Mahakama ya Juu iliamua kwamba faini ya kuchelewa nayo inahesabika kama riba. Hapo majimbo yaliyokuwa yameweka ukomo wa faini yakakosa meno mbele ya benki zenye makao kwenye majimbo yasiyo na ukomo. Wastani wa faini, uliokuwa takriban dola 13 mwaka 1995, ulifika karibu dola 34 mwaka 2005. Sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 ilirudisha breki kidogo: stetimenti itumwe kwa mteja angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho, tarehe hiyo isibadilikebadilike kila mwezi, na faini isizidi kiwango cha chini kilichotakiwa kulipwa. Mwaka 2024 taasisi ya CFPB, inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, ilitaka kuishusha faini hadi dola 8 kwa benki kubwa. Mahakama ikaizuia kanuni hiyo kabla haijaanza kutumika, na Aprili 2025 ikafutwa kabisa.

Sasa tuje kwako uliyechelewa. Kabla hujaikasirikia faini, tazama mstari wa riba, maana huko ndiko pesa nyingi hupotelea bila mtu kugundua. Kadi ya mkopo hukupa kipindi kisicho na riba kwa sharti la kulipa deni lote la stetimenti kwa wakati. Ukivunja sharti hilo, kipindi kinaondoka. Chukua deni la 1,200 lenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka: likikaa siku 30, riba ni kama 24. Na haiishii hapo, kwa sababu kila unachonunua baada ya hapo huanza kulipiwa riba tangu siku ya kununua, mpaka ulipe kila kitu kwa ukamilifu, mara nyingi kwa stetimenti mbili mfululizo. Hata aliyelipa 1,150 kwa wakati akasahau 50 anaweza kukutwa na haya, ingawa hana faini yoyote.

Kuna pia riba inayobaki nyuma kwa aliyepoteza kipindi hicho. Stetimenti imetoka tarehe 5, umelipa yote tarehe 20; zile siku 15 za katikati bado zina riba yake, nayo itatokea mwezi ujao kama kiasi kidogo. Mtu huiona kadi kama imeshaisha deni, haifungui stetimenti, na kile kidogo kinazaa faini mpya. Kwa hiyo baada ya kuchelewa, fuatilia stetimenti mpaka uone sifuri.

Hatua ya kwanza ni kulipa, leo hii, angalau kile kiwango cha chini. Faini ya kwanza imeshaingia, lakini Marekani, kwa mfano, benki kwa kawaida haziripoti uchelewaji kwenye taasisi za taarifa za mikopo mpaka zipite siku 30, na zikipita siku 60 benki zinaruhusiwa kupandisha riba hata ya deni la zamani. Kuchelewa siku mbili na kuchelewa siku 35 faini ya kwanza inafanana, lakini alama inayobaki kwenye jina lako haifanani hata kidogo.

Ukishalipa, piga simu huduma kwa wateja. Usianze kwa ugomvi; anayepokea si yeye aliyepanga faini, na mara nyingi ana mamlaka ya kuifuta mwenyewe, hasa kwa mteja ambaye hajachelewa karibuni. Sema wazi: “Nimelipa deni lote leo. Nimekuwa nikilipa kwa wakati. Naomba mnifutie faini hii, na pia riba iliyotokana na kuchelewa.” Vitaje vyote viwili, kwani faini ikifutwa riba haifuati yenyewe. Akikataa, omba kwa upole kuzungumza na msimamizi wake. Akikubali, omba namba ya kumbukumbu au ujumbe wa maandishi.

Kama kosa ni la benki, umelipa kwa wakati nao wakachelewa kuingiza, usiombe msamaha wa kosa ambalo si lako. Hapo unapeleka malalamiko rasmi ya maandishi, ukiambatisha risiti yenye tarehe na saa. Marekani una siku 60 tangu stetimenti yenye kosa itumwe.

Na kama hutaweza kulipa kwa sababu pesa haipo, piga simu kabla ya tarehe ya mwisho. Benki nyingi zina mpango wa kupunguza malipo kwa mwenye shida, ila hazitangazi. Kutoa pesa taslimu kwenye kadi nyingine ili ulipe hii ni njia ghali sana, maana pesa taslimu kwa kawaida ina ada yake na riba inaanza siku hiyohiyo.

Kuzuia isijirudie, weka benki ikate kiwango cha chini moja kwa moja kila mwezi, kisha wewe ulipe kilichobaki kwa mkono. Omba pia tarehe ya mwisho isogezwe iwe siku chache baada ya mshahara kuingia. Benki nyingi hukubali. Tarehe mpya inaweza kuchukua stetimenti moja au mbili kabla ya kuanza kutumika, na mpaka uione imechapishwa kwenye stetimenti, endelea kulipa kwa ile ya zamani.