Je, Wajua Kwa Nini Kifurushi cha Mji Jirani Huzungushwa Mbali Kwanza?

Umeagiza bidhaa mtandaoni kwa muuzaji aliye mji wa pili, kilomita 60 tu kutoka ulipo. Ukifuatilia mzigo wako kwenye simu, unakuta uko kwenye kituo kilicho kilomita 200 upande mwingine kabisa. Wengi huamini umepotea. Mara nyingi haujapotea. Uko palepale ulipopangiwa, na bila mzunguko huo huenda gharama ya kuuleta ingeishinda bei ya bidhaa yenyewe.

Sababu inaanzia kwenye lori. Lori likishatoka, dereva analipwa, mafuta yanaungua na matairi yanalika, liwe na kifurushi kimoja au mia tatu. Kinachogharimu ni safari, kisha kila kifurushi hubeba fungu lake. Ndiyo maana mpanga safari hahangaiki sana na njia fupi. Anahangaika na lori kujaa.

Tupige hesabu. Chukua ukanda wenye miji 30, kila mji ukituma vifurushi 290 kwa siku, yaani 10 kwa kila mmoja wa miji 29 iliyobaki. Ukitaka vyote viende moja kwa moja, unahitaji safari 870 kila siku, na kila gari linabeba vifurushi 10 tu. Sasa weka kituo kikuu kimoja katikati. Kila mji unapeleka lori moja kituoni na kupokea lori moja kutoka kituoni. Safari zimeshuka hadi 60, na kila lori lina vifurushi 290. Ukiongezeka mji wa 31, mpango wa moja kwa moja unadai safari 60 zaidi. Mpango wa kituo unadai mbili. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzuri wa jambo hili: mji mdogo wenye wateja wachache unahudumiwa bila kumfilisi msafirishaji.

Aliyeutangaza mpango huu duniani kwa upande wa vifurushi ni Frederick Smith, mwanzilishi wa FedEx, kampuni ya Marekani ya kusafirisha vifurushi. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1973, ndege zake 14 zilisafirisha vifurushi 186 kwenda miji 25 ya Marekani, na vyote vilipitia mji wa Memphis kwanza. Hata mzigo uliotoka mji mmoja kwenda mji wa karibu yake ulipelekwa Memphis, ukachambuliwa, ukarudishwa. Memphis iko karibu na katikati ya nchi na hali ya hewa haifungi uwanja wake mara kwa mara, jambo la maana sana pale mzigo wote unapotegemea sehemu moja. Wasafirishaji wa malori nao hufanya vivyo hivyo, ila wao kituo chao hukaa kwenye njia panda ya barabara kuu.

Kazi ya kituo hufanyika usiku, kwa sababu mchana ni wa kuagiza na kukusanya, na asubuhi ni ya kugawa. Malori huanza kuingia jioni na kuegesha kinyumenyume kwenye milango iliyopangwa ubavuni mwa jengo. Vifurushi vinashushwa na kuwekwa kwenye mkanda unaotembea, lebo ikitazama juu. Hapo vinapita chini ya skana inayosoma msimbopau, ile mistari iliyochapwa kwenye lebo, na kwenye vituo vikubwa kuna mizani na vipimo vya urefu, upana na kimo, vyote ndani ya sekunde chache na mkanda haujasimama. Mbele kidogo mkanda unakisukuma kifurushi kando, kinateleza hadi kwenye mlango wa lori la mji wake, na anayepakia anakipanga ndani ya lori: vizito chini, vyepesi juu. Kufikia saa kumi alfajiri malori mengi yameshaondoka.

Kisicholala vizuri kwenye mkanda hupata taabu. Bomba refu, gurudumu, ndoo, mfuko laini unaoweza kunasa, vyote hutolewa na kuchambuliwa kwa mkono, na hapo ndipo ucheleweshaji mwingi huanzia. Lebo iliyobandikwa juu ya kona ya boksi huleta shida hiyohiyo, maana mistari yake ikijikunja skana haiioni. Wauzaji, bandikeni lebo mahali palipo bapa, na mng'oe lebo ya zamani kama boksi limeshatumika.

Mpango huu una gharama yake. Kifurushi kinachopitia kituo hushushwa na kupakiwa mara nyingi kuliko kinachokwenda moja kwa moja, na kila mara kinaposhikwa kinaweza kudondoka au kuingia lori lisilo lake. Muuzaji anayefunga vyombo vya kioo kana kwamba mteja atavichukua mkononi dukani hajafikiria safari ya kweli ya mzigo huo. Boksi litabanwa chini ya mengine na kuteleza kutoka juu hadi chini. Lifungwe kwa kuyawaza hayo.

Shehena ya maduka ya rejareja hufuata mantiki hiyohiyo, ila badala ya kifurushi kuna paleti, yaani jukwaa dogo linalopangiwa mizigo na kubebwa kwa pamoja. Duka kubwa likiagiza lori zima, lori hilo haliendi kituoni hata kidogo. Linakwenda moja kwa moja, kwa kuwa limeshajaa. Duka linaloagiza paleti mbili kwa msambazaji huyu na tatu kwa yule, mzigo wake hukutanishwa kituoni: paleti zinashuka mlango huu na kupanda mlango ule, bila kulala ghalani, kisha duka linapokea lori moja badala ya mawili.

Lori kujaa, hiyo ndiyo sheria inayobadilisha njia. Siku vifurushi kati ya miji miwili vinapofikia kiasi cha kujaza gari, msafirishaji hufungua safari ya moja kwa moja na mzunguko hukoma. Misimu ya sikukuu safari hizo huongezeka, kisha hufungwa biashara inapopoa. Muuzaji mwenye wateja wengi sehemu moja hufanya jambo jingine: anahamisha akiba yake ya bidhaa kwenda ghala lililo karibu nao, kwa lori lililojaa, kabla hata hawajaagiza. Bidhaa yake nayo ilisafiri mbali. Ila safari hiyo haikuonekana kwenye simu ya mteja, kwa sababu ilikwisha kabla hajalipa.