Akaunti ya Leseni ni Yako: Isajili kwa Namba Yako ya Simu

Wiki mbili zilizopita mama mmoja anayeuza vitenge sokoni alifika kwenye dirisha letu la huduma akiwa na leseni yake ya biashara ya mwaka jana, ameikunja mara nne ndani ya pochi ya hela. Alitaka kuihuisha. Tulipoitafuta kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa leseni na malipo ya halmashauri, taarifa zote zilikuwa sawa: jina, namba ya mlipakodi, kata, aina ya biashara. Namba ya simu ndiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana wa steshenari aliyemfungulia akaunti, na kijana huyo alishafunga duka akahamia mkoa mwingine. Kila namba ya uthibitisho ilipotumwa, iliingia kwenye simu ya mtu ambaye mama yule hajui hata anaishi wapi.

"Mwanangu, mfumo wenu umeninyima leseni," aliniambia.

Nilimwamkia, nikamtafutia kiti, tukaanza upya. Ilituchukua siku tatu kumrudishia akaunti yake. Kwa siku tatu hizo duka lilifungwa, kwa sababu aliogopa kufanya biashara na leseni iliyokwisha muda.

Mimi ni afisa TEHAMA wa halmashauri ya wilaya, huku Nyanda za Juu Kusini. Malalamiko ya aina hii yameongezeka sana tangu huduma zetu nyingi zihamie mtandaoni, na ndiyo sababu mafunzo ya kata kwa kata tunayoanza mwezi huu yatatumia siku nzima ya kwanza kwenye jambo moja tu: mwananchi kufungua akaunti yake mwenyewe, kwa laini yake mwenyewe. Kuandika barua kwenye kompyuta na mengine kama hayo yatafuata.

Lakini kwanza niseme kuhusu minara, maana kila mkutano wa kijiji ninaohudhuria hufunguliwa na swali hilo: halmashauri, mnatuletea lini mnara?

Halmashauri haijengi minara. Minara hujengwa na kampuni za simu, na pale kampuni inapoona wateja ni wachache kiasi kwamba gharama haitarudi, Serikali huweka ruzuku kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mikataba iliyosainiwa Dodoma Mei 13, 2023 ilihusu minara mipya 758 katika kata 713, pamoja na kuongezea uwezo minara 304 iliyokuwapo ili itoke kwenye 2G na kutoa huduma ya 3G na 4G. Hiyo minara 304 watu wengi hawaizungumzii, nami naona ina uzito uleule. Mnara wa 2G unapiga simu na kutuma hela bila shida, lakini ukitaka kupakia picha ya kitambulisho kwenye mfumo, ukurasa unazunguka tu mpaka bando linakwisha. Vijiji kadhaa vinavyoandika kwamba "hakuna mtandao" vina mtandao, ila wa aina hiyo. Kwa hiyo mnapoandika maombi, elezeni: simu hazipatikani kabisa, au zinapatikana ila intaneti haifunguki? Maombi hayo mawili yana njia tofauti, na barua isiyosema hurudishwa.

Sehemu yetu sisi ni ardhi na karatasi. Mtendaji wa kata analeta orodha ya vijiji visivyo na mawasiliano, sisi tunaipeleka juu. Kampuni ikija kutafuta eneo, mkutano mkuu wa kijiji unakaa, muhtasari unaandikwa na kugongwa mhuri, mkataba wa kupangisha eneo unasainiwa, kibali cha ujenzi kinaombwa. Mara nyingi mradi unakwama hapo, kwenye muhtasari. Familia mbili zinadai kiwanja kimoja, au muhtasari una saini za watu saba wakati mkutano ulikuwa wa watu mia. Fundi wa mnara hawezi kusubiri kesi ya ardhi iishe. Anahamia kijiji kinachofuata kwenye orodha yake.

Na wale wanaosambaza kwenye makundi ya simu kwamba mnara unaleta saratani na kuharibu mimba, nawaomba waache. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina wataalamu wanaopima mionzi ya minara. Kijiji chenye wasiwasi kiandike barua kupitia kwetu, tutaipeleka ili kipimo kifanyike. Hiyo ndiyo njia. Kusambaza taarifa za uongo mtandaoni kwa nia ya kupotosha ni kosa chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Sipendi kuanza na adhabu ninapozungumza na wakulima wenzangu wa mahindi, lakini kuna kijiji kimoja ambacho mkutano ulivunjika kwa uvumi huo, na mpaka leo mjamzito akipata uchungu usiku lazima mtu apande kilimani ndipo apate mawimbi ya kuita gari.

Sasa nirudi kwenye namba ya simu.

Wakulima wengi wanakumbuka msimu wa 2022/23, Serikali ilipoanza ruzuku ya mbolea na mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ukauzwa shilingi 70,000. Ili uipate, ilibidi uandikishwe na mtendaji wa kijiji, na namba ya mkulima ikaja kwenye simu. Wako waliosajiliwa kwa simu ya jirani, ya shemeji, ya mtoto anayesoma mjini. Mvua zilipoanza walikuwa wanazunguka kumtafuta mwenye simu. Niliona mzee mmoja ametembea kutoka kitongoji cha mbali hadi kwa wakala, akakuta ujumbe wake uko kwenye simu ya mjukuu aliye safarini. Mbolea ipo, fedha anayo mfukoni, na anarudi mikono mitupu.

Najua sababu. Wengine hawana simu. Wengine wana laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine tangu mwanzo, kabla ya usajili wa alama za vidole ulioanza Mei 2019. Na sisi watumishi tuna sehemu yetu: mifumo ilikuja haraka kuliko elimu, na mwananchi aliyekuja dirishani mara nyingi aliambiwa "nenda steshenari wakujazie". Tulimwelekeza wenyewe. Ndiyo maana ninayachukulia mafunzo haya kama deni.

Kwa hiyo fanya hivi, hata kabla ya kuja kwenye mafunzo. Piga *106# kwenye simu yako, hata kama ni kitochi. Huduma hiyo haihitaji intaneti. Fuata menyu uangalie kwanza kama laini unayoitumia imesajiliwa kwa jina lako. Kisha angalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, kwenye mtandao wako na kwenye mitandao mingine. Ukikuta laini usiyoijua, usiipuuze. Nenda kwenye duka la kampuni husika na kitambulisho chako, uweke alama ya kidole, uiondoe. Laini hiyo ikitumika kutapeli mtu, jina litakaloonekana kwanza ni lako. Na laini unayoitumia ikiwa ya mtu mwingine, isajili upya kwa jina lako kabla hujagusa mfumo wowote wa Serikali.

Ukishakuwa na laini yako, ndipo unafungua akaunti TAUSI. Andaa namba ya NIDA yenye tarakimu 20, namba ya mlipakodi yenye tarakimu 9, na nywila ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa. Ombi likishapitishwa na afisa biashara, utapata kumbukumbu namba ya malipo, tarakimu 12. Unalipa kwa hiyo namba tu, kwa simu, wakala au benki. Nasisitiza: kwa hiyo namba tu. Halmashauri haina malipo yanayotumwa kwenye namba ya simu ya mtumishi, iwe ya afisa biashara, ya mtendaji au yangu mimi. Bado kuna watu wanaotuma hela kwa "afisa" waliyeongea naye kwenye simu, kisha wanakuja kudai leseni dirishani. Hatuna namna ya kuirudisha hela hiyo, na kila mara inaniuma kumwambia mtu hivyo.

Kwa wale ambao akaunti zao tayari ziko kwenye namba za watu wengine, utaratibu wa dirisha letu ni huu. Njoo mwenyewe, usitume mtu. Leta kitambulisho cha NIDA au namba yake, nakala ya leseni ya zamani au risiti ya malipo, na barua fupi ya kuomba kubadilishiwa namba, uitie saini. Hatuhitaji barua ya wakili. Hatuhitaji hati ya polisi, isipokuwa kama unadai kuna fedha imechukuliwa. Tunalinganisha taarifa, afisa biashara anathibitisha kwamba biashara ni yako, namba inabadilishwa, unaweka nywila mpya palepale mbele yetu sisi tukiwa tumegeuka. Mama wa vitenge alichukua siku tatu kwa sababu hakuwa na risiti na duka lake lilihama mtaa, ikabidi mtendaji wa eneo lake aandike kuthibitisha. Mwenye karatasi zake anamaliza asubuhi moja.

Kwa ndugu zangu wa steshenari: siwasemi vibaya. Mmewasaidia watu wengi wakati sisi hatukuwa na nafasi, na tumewaalika kwenye mafunzo siku ya pili. Lakini kuna mambo mawili lazima myajue. La kwanza, kuingia kwenye akaunti ya mteja bila ruhusa yake, kwa sababu tu bado unakumbuka nywila, ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao: faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida uliyopata, kutegemea kipi ni kikubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote. Ukibadilisha taarifa ndani yake ili ujipatie fedha, unahamia kifungu cha 12 cha ulaghai: faini isiyopungua milioni 20, au mara tatu ya faida, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Kwamba mteja alikupa nywila mwenyewe mwaka juzi haikupi ruhusa ya leo. La pili, zile nakala za vitambulisho zilizojaa kwenye kompyuta ya dukani ni taarifa binafsi za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na asizitumie kwa kazi nyingine. Mteja akimaliza, futa faili. Kompyuta yenye picha za vitambulisho mia tatu ikiibwa, walioibiwa ni watu mia tatu.

Tulifanya jaribio la mafunzo kwenye shule moja ya msingi mwezi uliopita, walimu wakitusaidia kwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Mzee mmoja aliyekaa dawati la mbele alikuwa na kitochi kilichofungwa mpira. Alidhani atafukuzwa. Tulimwonyesha *152*00#, menyu ya huduma za Serikali isiyohitaji intaneti wala simu janja. Akabonyeza taratibu, kidole kikitetemeka, akisoma kila mstari kwa sauti. Ilipofika zamu ya kuweka nywila kwenye kishikwambi, alichukua kalamu ya wino akaiandika nyuma ya kitambulisho chake. Mwalimu akamzuia. Tukakaa naye mpaka akapata maneno matatu ya Kinyakyusa ambayo hawezi kuyasahau, akayaingiza mara nne bila kukosea. Akawafundisha wenzake wawili wa nyuma yake, bila kuwatajia maneno yenyewe.

Kuhusu intaneti ya bure kwenye ofisi ya kata: itakuwepo siku za mafunzo, na itahudumia mifumo ya Serikali kwanza. Haitoshi kwa video, na haitatosha hata tukiombwa. Usitumie mtandao wa wazi kuingia kwenye akaunti ya benki.

Ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usijibu na usimtukane mtumaji. Upeleke kama ulivyo kwenda 15040, kisha utaulizwa namba iliyokutumia, uiandike. Ni bure.

Ratiba ya kila kata iko kwenye ubao wa matangazo wa mtendaji. Njoo na kitambulisho au namba ya NIDA, simu yenye chaji, na laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Wasioona vizuri na wasiojua kusoma waje na mtu wanayemwamini, ila simu iwe ya mhusika. Wenye ulemavu wa kusikia wamwarifu mtendaji mapema ili tuandae mkalimani. Mafunzo hayana ada, fomu hazina ada, na kubadilishiwa namba hakuna ada. Atakayekuomba hela kwa lolote kati ya hayo, awe mtumishi mwenzangu au mtu mwingine, piga 113 uwaeleze TAKUKURU.